Kulea chi: jibu kwa kijana anayebana pumzi

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Morogoro. Miezi miwili sasa najifunza kukuza chi, ile nguvu ya uhai ya Wachina, kwa kufuata video. Naambiwa nivute hewa, niisukume hadi chini ya kitovu, nibane mpaka nihesabu sitini, na nitasikia joto. Nafanya saa nzima kila usiku nikitoka kazini. Joto sijalipata. Ninachopata ni kichwa kizito, masikio kuvuma na kukosa usingizi. Kuna mtu ananiambia njia zangu za chi zimeziba, nimlipe azifungue. Mama naye anaogopa kwamba nimewafungulia majini mlango. Nakosea wapi? Na hii chi ipo kweli?*

Marahaba, kijana wangu. Kabla hatujafika China, nakuomba jambo moja: usibane pumzi tena, kuanzia usiku wa leo. Mtu akijaza hewa kifuani, akafunga koo na kukaza tumbo ili asukume chini, mgandamizo ndani ya kifua hupanda na damu inayorudi moyoni hupungua. Akiachia, presha huruka ghafla. Wewe umefanya hivyo saa nzima kila siku kwa miezi miwili, na mwili umechoka. Nenda zahanati ukapimwe presha. Mweleze mganga kila kitu, pamoja na hayo masikio, maana kusaga chuma na kugonga nyundo kutwa nako huumiza masikio, na yeye ndiye wa kutofautisha. Ukisikia maumivu ya kifua au ukazimia, usingoje kupambazuke.

Sasa tuzungumze.

Kosa lako limeanzia kwenye kitenzi. Umeniandikia "kukuza", "kusukuma", "kubana". Wachina wenyewe, tangu zamani sana, walipozungumzia mtu na chi yake walipenda neno *yang*. (Si ile yang ya yin na yang. Ni neno jingine, lenye herufi yake.) Ndilo neno wanalolitumia kwa kumlea mtoto, kufuga kuku, kumtunza mzazi aliyezeeka, na kumuuguza mgonjwa hadi apate nguvu. Herufi yake ya zamani ina kondoo juu na chakula chini. Kondoo yupo kwa ajili ya sauti tu, lakini chakula ndicho maana yenyewe. Kiswahili kimetujalia neno linalolingana nalo: kulea. Na wazee wetu walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hakuna mama anayembana mwanawe hadi ahesabu sitini ili akue.

Na chi yenyewe ni nini? Ukitaka kuielewa, kaa karibu na sufuria ya wali. Herufi ya zamani ya chi ina punje ya mchele chini na mvuke juu yake. Xu Shen, aliyekusanya kamusi maarufu ya herufi karibu na mwaka 100, anasema herufi hiyo yenye mchele ilikuwa na maana ya kumpa mgeni nafaka. Baadaye ndipo ikabeba maana ya mvuke, hewa, pumzi na uhai. Wali ukikaribia kuiva, funua mfuniko kidogo. Kile kinachopanda usoni mwako si mchele, si maji, wala si moto, lakini bila vyote vitatu kisingekuwepo. Hapo ndipo Wachina walipoanzia kufikiri. Leo katika maandishi yaliyorahisishwa China Bara herufi hiyo huandikwa bila mchele. Nikifundisha, huwa naurudisha ubaoni, kwa sababu wanafunzi wengi wanadhani chi ni umeme unaoshuka kutoka angani, wakati wazee walianzia jikoni.

Mtu wa Beijing hulitamka neno hilo siku nzima bila kuwaza mambo mazito. Hali ya hewa ni "chi ya mbingu". Kukasirika ni "kuzaa chi". Nguvu za mikono, kama hizo unazonyanyulia vyuma, zina chi ndani ya jina lake. Na katika maandishi ya Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa China, uhai wa mtu ni chi kukusanyika. Ikikusanyika ni uzima, ikitawanyika ni mauti. Kwa hiyo ukiniuliza kama ipo kweli, nakujibu hivi: hakuna mashine ya hospitali inayoipima kama inavyopima presha au sukari, na mtu akikuambia anayo mashine hiyo, mwache aende zake. Lakini pumzi ipo. Joto la mikono lipo. Ule uzito wa miguu asubuhi baada ya kukosa usingizi upo, na wepesi wake baada ya kulala vizuri upo pia. Wachina waliyaangalia hayo yote kwa pamoja, kizazi baada ya kizazi, wakayapa jina moja. Mimi nalifundisha kama lugha ya kuusikiliza mwili, na kwa kazi hiyo sijaona lugha iliyo nzuri zaidi.

Hapo chini ya kitovu unapopasukuma panaitwa dantiani. *Tian* ni shamba. Picha yake ni kiwanja kilichogawanywa kwa matuta, kama majaruba ya mpunga. *Dan* ni yale madini mekundu yenye zebaki ambayo wataalamu wa Kidao, dini na falsafa ya kale ya China, waliyachoma wakitafuta dawa ya kuishi milele, na baadhi ya waliokunywa dawa hizo zikawaua. Baadaye wengi wakaachana na tanuri, wakasema tanuri limo ndani ya mwili. Likabaki jina: shamba la dawa. Lipo wapi? Laza vidole vinne chini ya kitovu. Hapo, kwa ndani, ndipo wengi wanapopataja. Nakusihi ulishike neno shamba, kwa maana wewe umelifanya tairi la baiskeli.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtoto wa China anakijua, na kilisimuliwa kwa ajili ya jambo hili hili. Msimulizi ni Mengzi, mwalimu wa karne ya 4 kabla ya Kristo katika mkondo wa Confucius, mwanahekima wa China aliyemtangulia. Aliulizwa yeye anamudu nini, akajibu kwamba anajua kuilea chi yake pana, iliyofurika. Alipotakiwa kueleza, akasema chi hiyo huzaliwa kutokana na matendo ya haki yanayorundikana siku hadi siku. Haitekwi kwa shambulio la mara moja. Mtu akitenda jambo ambalo moyo wake mwenyewe haukuridhika nalo, chi hiyo hushikwa na njaa. Kisha akasimulia habari za mkulima wa nchi ya Song. Mkulima huyo aliona miche yake inachelewa kurefuka, akaingia shambani akaivuta mmoja mmoja kwenda juu. Akarudi nyumbani hoi, akawaambia watu wake, "Leo nimechoka, nimeisaidia miche kukua." Mwanawe akakimbia kwenda kuangalia, akakuta yote imenyauka.

Mengzi hakuishia kwa yule mkulima mwenye haraka. Alisema wapo pia wanaoona haina faida, wasipalilie kabisa. Basi njia ni kutosahau, na papo hapo kutosaidia kukua. Nimelitafakari sana hilo la mwisho. Kutosahau ni kazi ya kila siku. Kutosaidia ni kazi kubwa zaidi, hasa kwa kijana mwenye mikono hodari kama yako, aliyezoea kwamba chuma kisipopinda unaongeza moto.

Madaktari wa kale walikuwa na hesabu yao ambayo itakufaa. Walisema chi ya mtu ina vyanzo viwili. Kimoja ni urithi kutoka kwa wazazi, umewekwa kwenye figo, na kazi yako nao ni kutoufuja. Kingine ni kipato cha kila siku: chakula kinachopita tumboni na hewa inayopita mapafuni. Mtu asiyelala, anayekula saa nne usiku huku amechoka, halafu anajikamua saa nzima, anachota kwenye urithi kulipia matumizi ya siku. Ukienda kwao na malalamiko yako, wangekuuliza kwanza unakula nini, saa ngapi, na unalala saa ngapi. Sun Simiao, tabibu mkubwa wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 682, aliwaelekeza watu watembee kidogo baada ya kula na kujisugua tumbo kwa viganja. Hakuna siri hapo, wala malipo.

Kisha kuna mioyo yetu. Kitabu cha kale cha tiba kinachobeba jina la Mfalme wa Manjano kina orodha ambayo huwa nawasomea wanafunzi: hasira hupandisha chi, furaha huilegeza, huzuni huimaliza, hofu huishusha, na mawazo huifunga fundo. Sikiliza jinsi inavyokaribiana na maneno yetu. Sisi nasi tunasema hasira zimempanda, na mtu aliyesongwa na mawazo tunasema ana fundo moyoni. Confucius aliongeza jambo kuhusu umri: kijana, ambaye damu na chi yake bado havijatulia, ajihadhari na tamaa za mwili, mtu mzima, chi ikiwa imekomaa, ajihadhari na ugomvi, mzee, chi ikiwa imepungua, ajihadhari na uroho wa mali. Kwa hiyo ukija kwangu ukasema unataka kulea chi, huku nyumbani mmenuniana na ndugu yako kwa miezi mitatu, nitakwambia kazi yako ya kwanza ipo huko.

Usidhani basi kwamba Wachina walikaa tu wakisubiri. Mwaka 1973, huko Mawangdui katika mji wa Changsha, wachimbuaji walifungua kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wakakuta kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44 wakifanya mazoezi. Kimechakaa, imebidi kiungwe vipande kwa vipande. Kuna wanaume na wanawake, vijana na wazee, wengine kifua wazi, wengine na kanzu ndefu. Mmoja ameinama, mwingine ameshika fimbo, mwingine anatembea kama dubu. Pembeni mwa baadhi yao pameandikwa zoezi linatibu nini: maumivu ya goti, uziwi. Mimi kinachonigusa ni zile sura. Hakuna aliyekunja uso. Hakuna aliyevimba mishipa ya shingo.

Miaka kama mia nne baadaye, tabibu Hua Tuo alimfundisha mwanafunzi wake Wu Pu michezo ya wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Alimwambia mwili unataka kufanya kazi ila usifikishwe mwisho wa nguvu zake. Ukitikiswa, chi ya nafaka husagika na damu hupita, kama vile bawaba ya mlango isivyooza kwa sababu inazunguka kila siku. Vitabu vya historia vinasema Wu Pu alivuka miaka tisini, meno yake yakiwa imara na masikio yakisikia vizuri.

Sasa huyo anayetaka umlipe akufungulie njia. Usimpe hata senti. Nasema kwa uchungu, kwa sababu China yenyewe ilishapitia hayo. Jina chigongi, yaani "kazi ya chi", lilianza kutumika kwa mazoezi haya yote miaka ya 1950, pale Liu Guizhen na wenzake walipoyaingiza katika vituo vya tiba, Tangshan na kisha Beidaihe. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ile misukosuko ya kisiasa ya enzi za Mao, yakapigwa marufuku. Miaka ya 1980 yakarudi kwa kishindo, mamilioni wakajaa kwenye bustani na viwanja vya michezo, na hapo wakajitokeza watu waliodai kutuma chi yao kutoka mbali na kuponya kila ugonjwa. Ipo picha ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wamekaa wamefumba macho, kila mmoja amevaa sufuria kichwani apokee chi ya ulimwengu. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, wengi wao wagonjwa wasio na fedha za hospitali, na waliotumia shida yao walitajirika. Mwaka 1999 serikali ikaanza kubana vikundi hivyo. Mwaka 2003 mamlaka ya michezo ikatoa seti nne zilizosanifiwa, ukiwemo mchezo wa wanyama watano na ule wa vipande vinane vya hariri, ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza.

Wachina wana jina hata kwa hali unayoikaribia: "moto umekimbia, shetani ameingia". Mama akisikia jina hilo atasema nilijua, lakini kwa walimu wa chigongi linamaanisha mtu aliyejilazimisha mpaka kichwa kikamchemka, akakosa usingizi, na wengine wakaanza kusikia sauti. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliitaja hali hiyo. Tiba yake ya kwanza ni kuacha zoezi, kula, kulala na kumwona daktari.

Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba chi si mungu wala jini, na kuilea si ibada. Wadao waliitumia wakielekea kwao, Wabudha kwao, wanafunzi wa Confucius kwao, na madaktari wakiwa hawaelekei popote ila kitandani kwa mgonjwa. Kama nyumba yenu ni ya Kiislamu, mwambie habari za Wang Ziping, Mwislamu wa kabila la Hui kutoka Cangzhou, aliyeishi kuanzia 1881 hadi 1973. Alisifika kwa mapigano ya mikono na kwa kuunga mifupa, na akatunga mazoezi ya kurefusha maisha. Hakuona kwamba kunyoosha mgongo asubuhi kunamharibia dini yake.

Ukishapimwa na mganga akaridhika, anza upya hivi.

Fanya asubuhi, si usiku. Dakika kumi, usizidishe. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yasikazwe. Nilipokuwa nasoma Beijing nilizoea kwenda alfajiri kwenye bustani ya Hekalu la Mbingu, ambako wastaafu hujinyoosha chini ya miberoshi mizee. Bibi mmoja alinitazama siku tatu bila kusema kitu. Ya nne akaja, akaniwekea viganja juu ya mabega, akasema neno moja: *song*. Sikuelewa. Akashika nywele zake mwenyewe, akachomoa kibanio, zikaanguka mgongoni. Song. Baadaye nikaitazama herufi yake ya zamani, kweli ina nywele juu. Ni kule kulegea kwa nywele zilizofumuliwa: hazikatiki, hazipotei, zinaning'inia tu kutoka kwenye mizizi yake. Basi fumua mabega. Fumua taya. Fumua tumbo, hilo ulilolikaza miezi miwili.

Halafu toa pumzi. Watu huanza kwa kuvuta, wewe anza kwa kutoa, polepole, kama unapoza uji bila kutaka umwagike. Ukimaliza kutoa, usifanye kitu. Hewa itaingia yenyewe, usiihesabu wala usiipeleke mahali. Zhuangzi anasema watu wa kawaida hupumua kwa koo, ila mtu wa kweli hupumua kwa visigino. Si kwamba hewa inafika huko. Jaribu kuweka akili yako kwenye nyayo huku unatoa pumzi, utaona jinsi mabega yanavyoshuka yenyewe na kichwa kinavyopoa. Ndiyo sababu sitaki uweke akili chini ya kitovu kwa sasa. Ulipapachika moto pale, paache papoe.

Baada ya hapo inua mikono yote miwili juu taratibu, viganja vikitazama mbingu, kama unazuia dari lisianguke, kisha iteremshe. Hicho ni kipande cha kwanza kati ya vinane vya hariri. Mara sita zatosha. Kunywa uji wa moto, nenda kazini ukiwa umevaa vizibo vya masikio, na jioni ukifika nyumbani kula mapema, zunguka nyumba mara mbili tatu, ulale.

Joto, msisimko mikononi, kusikia kitu kikitembea mgongoni: vikija vije, vikiondoka viondoke, usivifukuzie. Niandikie baada ya miezi mitatu, muda ambao mpunga wa mbegu za muda mfupi huanza kuinamisha masuke. Usiniambie kuhusu joto la tumboni. Niambie unalala saa ngapi, unakula kwa hamu au kwa kujilazimisha, na kama mama amecheka siku za karibuni mkiwa mezani.